Amperi Tisa Chumbani kwa Mama Mkwe

Mimi ni fundi umeme, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Kwenye mgodi ninakofanya kazi, nje ya Kolwezi kwenye barabara ya kwenda Likasi, nimekabidhiwa pampu nane ambazo moja tu ikizimika, shimo zima linajaa maji. Nimezifufua zote, moja baada ya nyingine, mara nyingine mvua ikininyeshea mgongoni. Lakini mwezi wa saba mwaka huu niliteswa wiki mbili nzima na oveni ya kuokea mikate, tena mpya, tena niliyoinunua mwenyewe. Sababu ya mateso yale ni kwamba ubao wa umeme wa nyumba ile uko chumbani kwa mama mkwe wangu.

Asiye wa kwetu atauliza chumba kina nini. Sisi ni Waluba wa Kasai. Babu zetu waliletwa huku kufanya kazi za migodini, tumezaliwa huku, hata ndoto tunaota kwa Kiswahili, lakini kuna mambo waliyokuja nayo ambayo hayajachakaa. Mume wa binti hampi mama mkwe mkono. Hali chakula mbele yake. Maneno mengi baina yao hupitia kwa mtu wa tatu. Na chumba anacholala mama mkwe, mume wa binti hatii mguu, hata kama amefuatwa na nyuki. Sasa marehemu mzee Kabongo, baba mkwe wangu, alipoipanua ile nyumba yao ya zamani ya wafanyakazi kule mtaa wa Manika, aliiziba korido akaifanya chumba cha kulala, na ubao wa umeme uliokuwa koridoni ukabaki humo ndani, juu ya kichwa cha kitanda. Fundi aliyemkubalia jambo hilo simjui. Ningemjua ningemfuata kwake.

Mama mkwe wangu, Mama Mushiya, ameoka mikate kwa miaka ishirini kwenye pipa la makaa nyuma ya nyumba, na moshi umemla macho. Siku moja nilimwona anapapasa meza kutafuta kisu kilichokuwa mbele yake, nikasema basi, nitamletea oveni ya umeme. Huo ni ukweli, ila si wote. Nimemwoa binti yake Simone huu mwaka wa nne, tuna mtoto mmoja, Abigaël, wao huniita Tata Abigaël, yaani baba yake, na miaka yote hiyo nyumba ile imenipokea kwa adabu tu. Ni watu wa kucheka wale, ukipita barabarani unawasikia. Mimi nikisukuma geti, kicheko kinakatika, naletewa kiti, naulizwa habari za kazi. Nilichoka na adabu. Nilitaka siku moja niingie pale na kicheko kiendelee, na niliamini oveni ingenifikisha huko.

Ilifika Jumatatu. Nikaichomeka jikoni, nyaya zake zikawa nyekundu, Mama Mushiya akaingiza mikate kumi na miwili. Dakika ya kumi na nane, tak. Friji ikanyamaza, redio ikanyamaza. Disjoncteur, ile swichi ya ubaoni inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ilikuwa imeanguka. Mikate ikabaki humo, juu imekauka, ndani ni unga mbichi.

Nikaenda sebuleni, nikasimama nimeupa mlango wa chumba mgongo kama inavyotakiwa. Mama mkwe alitoka akaenda uani asinipite karibu. Simone akaingia chumbani na kuufunga mlango nyuma yake, nikaanza kufanya ufundi wa umeme kwa mdomo.

“Inua ile ya pili, ku kuume.”

“Nimeinua.”

“Inasimama?”

“Inasimama.”

“Kuko kintu branché mule ndani?”

“Hapana. Hakuna kintu kimechomekwa, ni paka ampoule moja tu.”

Ampoule moja, balbu ya taa, haiangushi kitu. Tukawasha tena, safari hii ikakata baada ya dakika sita. Jumanne haikukata saa nzima, nikapanda pikipiki yangu nimefurahi, na sijafika hata njia panda simu ikalia: imekata. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Kasoro ya kweli ina tabia yake. Waya ukigusa chuma, umeme unakatika pale pale unapowasha, kila mara, na mtu anajua pa kuanzia. Hii yetu ilikata ilipojisikia.

Jumatano nikaazima kazini kipimo cha kuchunguza kama umeme unavuja. Nikaipima oveni mbele na nyuma, haikuvuja hata chembe. Nikaibeba begani hadi kwa jirani, Mama Angèle, nikaichomeka kwake, ikafanya kazi saa mbili bila kupumzika. Mama Angèle akapata na nafasi ya kuoka keki yake.

“Four yako, oveni hii, iko muzuri, tata,” akaniambia akijilamba vidole. “Pengine ile nyumba njo haiipende.”

Sikucheka. Alhamisi nikang'oa waya wote wa kutoka ukutani hadi jikoni, nikaweka kebo nene ambayo haingepata moto hata ungependa. Kebo hiyo niliitoa kazini. Ni mabaki, na kila fundi hutoka na mabaki, hakuna anayeyahesabu. Nikawasha. Dakika kumi na moja, tak.

Basi nikasema ni disjoncteur yenyewe, imezeeka. Ijumaa nikanunua mpya, na hapo ndipo ilipobidi mke wangu, ambaye ni mshonaji wa nguo, aibadilishe kwa maelekezo yangu, mimi nikitazama kalenda ya kanisa iliyotundikwa sebuleni. Mtu wa kuifanya kazi ile alikuwa Dimitri, mdogo wake Simone, maana mtoto wa kuzaa anaingia chumbani kwa mama yake anavyotaka. Lakini nilikuwa nimeambiwa Dimitri amekwenda Sandoa kufuata mahindi.

“Umekata ile kubwa ya juu?”

“Nimekata.”

“Pima na ile tournevis, bisibisi ya taa. Taa inawaka?”

“Haiwake.”

“Fungua vis, zile skrubu mbili za chini. Ile waya nyekundu, ivute polepole. Usiguse ya bluu.”

“Hakuna nyekundu, Tata Abigaël. Kuko mbili nyeusi na moja ya rangi ya mavi ya mutoto.”

Jasho likanitoka, nami nimesimama kivulini mwezi wa baridi. Nilitamani kuugeuza uso wangu kwa dakika moja tu, niangalie, nimalize. Sikugeuka. Simone alichukua dakika arobaini kufanya kazi ya dakika tano, na kusema haki aliifanya vizuri, hata mimi nilijivuna. Tukawasha oveni. Nikakaa kwenye kiti nikiitazama saa. Dakika ya ishirini na mbili ikakata, nikaipiga teke ndoo ya unga iliyokuwa tupu.

Jioni ile Simone aliniletea neno kutoka uani. “Mama anasema uache tu. Atarudia pipa yake.”

“Mwambie siachi.”

“Anasema unachoka bure, Tata Abigaël. Kila siku uko hapa.”

“Nitakuwa hapa mpaka itumike.”

Niliona anavyoshusha mabega, nikadhani ni uchovu.

Wiki ya pili ilikuwa mbaya zaidi, maana na kazini mambo yaliharibika. Usiku wa Jumapili watu waliingia kwenye eneo la mgodi, wakakata mita themanini za kebo yangu ya pampu. Pale kwetu kila kitu kikipotea tunasema ni creuseurs, hawa vijana wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono, wanaopenya ua wakati walinzi wanasinzia. Siwapendi, na sijawahi kuficha. Nilitumia siku mbili ndani ya tope kuweka kebo nyingine, kisha nikitoka zamu naenda Manika kupambana na oveni. Nilibadilisha soketi. Niliizima friji. Nilimwambia Simone azime redio, azime taa zote, tubaki na oveni peke yake. Ilikata. Majirani wakaanza kutoa ushauri juu ya ua. Mmoja akasema umeme wa mtaa ni dhaifu, mwingine akasema nimwage chumvi kwenye waya wa ardhini, na Mama Angèle akapendekeza padri aje.

Alhamisi Simone akaja na neno zito. Hakuniangalia akilisema.

“Mama anasema ni mpaka samedi. Kama haitumike, utaibeba.”

Mtu asidhani ni neno dogo. Kwetu zawadi ya mkwe ikishapokelewa haitoki tena, hata iharibike, hata ifugiwe kuku. Kumrudishia mkwe zawadi yake ni kumwambia hatukukupata kuwa mtoto, chukua kilicho chako. Koo nzima ingejua. Ningekaribishwa misibani na kupewa kiti cha wageni mpaka nizeeke. Niliumia, na mimi nikiumia nakasirika, basi nikamjibu kwamba Jumamosi bado mbali.

Ijumaa nilikuja na pince. Ni chombo kinachobana waya kwa nje na kukuonyesha umeme kiasi gani unapita ndani yake, bila kukata chochote. Na nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama nisingekuwa na akili ya kondoo. Mita ya nyumba ile iko nje, kwenye ukuta wa upande wa barabara, panaposhuka waya kutoka kwenye nguzo. Ukuta wa nje hauna ukwe. Umeme wote wa nyumba, wa jikoni, wa sebuleni na wa chumbani, unapita pale. Sikwenda pale mapema kwa sababu moja tu, nilimwamini mke wangu aliposema chumbani hakuna kitu.

Nikamwomba Simone achomoe kila kitu. Oveni nje, friji nje, redio nje, taa zote zimezimwa. Akaja kusimama nami ukutani. Mama Mushiya alikuwa anaonekana pembeni ya nyumba, kwenye pipa lake, anachekecha unga. Abigaël alikuwa amelala kwa Mama Angèle. Kwa hiyo ndani ya nyumba hakukuwa na mtu, na kipimo kilipaswa kuonyesha sifuri.

Kilionyesha tisa.

Nikafikiri jirani ananiibia umeme, nikaufuata waya kwa macho kutoka kwenye mita. Hauendi kwa jirani. Unaingia ndani ya nyumba na hauna tawi. Nikaangalia tena, tisa nukta moja. Kisha mbele ya macho yangu ikashuka mpaka sifuri. Nikangoja. Baada ya dakika kama mbili ikapanda tena, tisa.

Hapo hesabu ilijipanga yenyewe kichwani. Amperi tisa ni réchaud, lile jiko dogo la waya wa kuzunguka ambalo kila nyumba ya Kolwezi inalo. Oveni yangu inakula kumi na moja. Ukiziweka pamoja ni ishirini, na disjoncteur ni ya kumi na sita. Itavumilia kidogo, itapata moto, itakata, upesi au kwa kuchelewa kulingana na réchaud imewashwa saa ngapi. Wiki mbili. Nilikuwa nimebadilisha waya, soketi na disjoncteur, na oveni haikuwa na ugonjwa wowote. Ningecheka, ila jiko halijiwashi na kujizima lenyewe.

“Simone,” nikasema. “Nani eko mu chumba?”

“Hakuna mutu.”

“Mama eko pale. We uko hapa. Nani anawasha réchaud?”

Akamtazama mama yake. Mama Mushiya alikuwa ameacha kuchekecha, chekecheo limesimama mikononi mwake.

“Ni Dimitri,” Simone akasema.

“Dimitri haiko Sandoa?”

“Hakuendaka Sandoa. Alikuwa anachimba. Alianguka mu shimo, mule mu concession, eneo ya mugodi yenu. Mugulu ya kuume ilivunjika. Barafiki yake balimubeba usiku, balimuleta hapa. Leo ni wiki tatu.” Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. “Anapashaka mugulu na maji ya moto na chumvi. Na baridi inamusumbua.”

“Wiki tatu mugulu imevunjika, munaipasha na chumvi? Hamujue njia ya hospitali?”

“Ku hospitali banauliza ulivunjika wapi. Na bakishajua, wenyewe ba mugodi banajua.”

“Na mi? Juu ya nini hamukuniambia mi?”

Simone akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake na mumewe.

“We mwenyewe ulisema. Ku Pâques, ile Pasaka, ku meza, mbele ya bote, na mama anasikia ku jikoni. Balikuwa bamekata câble yenu. Ulisema: creuseur mi nitamuona mule, ata akitoka mu tumbo ya mama yangu, nitamupeleka na mukono yangu. Dimitri alikuwa pembeni yako. Alikuwa anakula.”

Nilikumbuka. Nilikumbuka na nilivyolisema, kwa sauti, uma mkononi, na meza yote ilivyonyamaza, nami nikadhani wamenyamaza kwa kukubali. Dimitri alinisogezea bakuli la sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, baada ya pale. Kijana wa miaka ishirini na mbili, ametoka kuchimba asubuhi ile ile, ananisogezea sombe.

Kulikuwa na neno moja tu la kusema wakati ule. Nilipaswa kusema, sitamtaja. Ni neno fupi, lingetosha, na Mungu anajua lilikuwa kweli, maana hata nilipokuwa nasikiliza habari ile sikuwaza kabisa kumtaja. Lakini hasira yangu hutangulia kila kitu. Niliona aibu, na aibu ikatoka kama kelele. Nikaanza na kebo niliyoipoteza, nikaja kwa zile dakika arobaini za kutazama kalenda, nikamwita mke wangu mwongo. Nikasema kazini tulitia sahihi karatasi, kwamba ndugu wa mfanyakazi akikutwa ndani ya eneo, na mfanyakazi ataulizwa. Nikauliza kama walitaka nifukuzwe kazi bila kujua nimefukuziwa nini.

“Munanifanya mi ni polisi?” nikapaza sauti. “Mu nyumba ya muke yangu, mi ni polisi?”

Kichwa cha Mama Angèle kikachomoza juu ya ua. Mama Mushiya akavuta kitenge chake juu ya kichwa, akaingia ndani taratibu akipapasa ukuta. Pince ilikuwa bado mkononi mwangu, imebana waya. Nikaiona namba ikishuka kutoka tisa hadi sifuri, na haikupanda tena. Kijana alikuwa amezima jiko lake.

Nikatia vifaa kwenye mkoba. Nilimwambia Simone nitarudi kesho. Yeye na mtoto walibaki pale kwa mama, nami nikaenda kazini, nilikuwa na zamu ya usiku.

Kazini hasira iliisha kabla ya saa sita usiku, kama kawaida yake, ikaniacha peke yangu. Nilifikiria chumba kile. Nilifikiria kijana aliyelala chini ya ubao wa umeme, akinisikia kila siku nikitoa amri nyuma ya mlango, akinisikia nikisema nitakuwa hapa mpaka itumike, akijifunika mdomo asikohoe. Nikaelewa kwa nini Mama Mushiya alitaka niibebe oveni yangu. Hakuwa na shida na oveni. Nilikuwa mimi, kila siku, hatua tatu kutoka kitanda cha mwanawe.

Basi nikapanga. Waya wa pili, wa réchaud peke yake, kutoka kwenye mita, upite ukuta wa nje, uingie kwa dirisha la chumba, na disjoncteur yake ndogo. Sihitaji kuingia. Dimitri ataupokea kwa ndani, achemshe maji yake mchana kutwa, na mama aoke mikate yake, hakuna kitakachokata. Asubuhi nikiwa natoka nilikata mita kumi na mbili za kebo kwenye roli jipya kabisa, na safari hii hata mwenyewe sikuita mabaki. Nikampigia simu Mechack, muuguzi wa Fungurume niliyesoma naye, anayejua kufunga mifupa na asiyeuliza maswali. Akasema atafika mchana. Nilikuwa na furaha, nikiendesha pikipiki na kebo begani. Nilikuwa naandaa hata mzaha wa kumwambia shemeji yangu dirishani.

Harufu ya mkate niliipata nikiwa bado barabarani. Jikoni oveni ilikuwa nyekundu, mezani kuna mikate kama sitini, imeiva sawasawa, imepangwa juu ya kitambaa. Simone alikuwa amesimama sebuleni. Nyuma yake mlango wa chumba cha mama yake ulikuwa wazi kabisa, umezuiwa na tofali usijifunge.

Nikageuka haraka nikaupa mgongo.

“Mama anasema uingie,” Simone akasema. “Uangalie.”

“Niangalie nini?”

“Chumba. Anasema ata chini ya kitanda. Uingie na viatu, haina neno.”

Niliona yote kwa ile nukta moja kabla ya kugeuka, na bado nayaona. Kitanda kimetandikwa. Dirisha wazi. Sakafu imepigwa deki, bado ina maji. Ubao wa umeme niliouwazia kwa wiki mbili uko pale juu, disjoncteur aliyoifunga mke wangu imenyooka. Mama mkwe hamkaribishi mume wa binti yake chumbani. Anayefunguliwa chumba hivi ni mtu aliyekuja kupekua.

“Nimeleta câble,” nikasema. “Ya réchaud. Nitaipitisha ku dirisha, sitaingia.”

“Hakuna réchaud.”

“Dimitri eko wapi?”

“Eko Sandoa.”

“Simone.”

Alizungumza akiitazama ile kebo begani mwangu, si mimi.

“Tulimupandisha mu camion ya makaa, ile lori inarudiaka Mutshatsha mutupu. Saa kumi ya alfajiri. Tulifunga mugulu na mbao mbili. Dereva alisema hatasimama mu njia, na ile njia unaijua. Aliniuma mukono asilie, juu batu ba mu avenue basisikie.” Akaukunja mkono wa blauzi, akaukunjua tena. “Kama barabara ni mbaya atafika usiku. Kule Mutshatsha hakuna mutu wetu.”

“Nilikuwa nakuya kumusaidia. Muganga eko mu njia, anakuya na dawa.”

“Ulikuwa useme jana.”

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Mama Mushiya akatoka jikoni, unga umemjaa mikononi hadi kwenye viwiko. Miaka minne hakuwahi kunisemesha moja kwa moja. Kila neno lake lilipitia kwa Simone, na kila neno lilianza na Tata Abigaël, hata lile la kuniambia nibebe oveni yangu. Sasa alikuja mpaka karibu, akasimama mbele yangu, akaniinulia uso, macho yake mekundu ya moshi yakinitafuta nilipo.

“Four inatumika muzuri, monsieur,” akasema, kama anayemwita mteja wa mikate. “Aksanti.”

Akarudi jikoni. Niliishusha kebo, nikaiacha karibu na kizingiti, nikatoka kumpigia Mechack asije.

Oveni ipo pale hadi leo, anaoka nayo kila siku. Haijakata tena hata mara moja.